Madirisha ya Kiwandani, Kuta za Nani? Kisa cha Nyumba ya Wanasesere Isiyo na Jina

Ilifika imefungwa kwa blanketi kuukuu na kamba mbili. Kabla sijafungua kamba ya pili, mwenyewe alikuwa ameshatoa karatasi mkobani: imegeuka manjano, imekunjwa mara nne, imepigwa taipu maneno machache tu. Nyumba ya wanasesere, Tri-ang, miaka ya 1930. Tri-ang lilikuwa jina la biashara la kampuni ya Uingereza ya vitu vya kuchezea. Marehemu mumewe alipewa karatasi hiyo mnadani, huko Uingereza, siku aliyoinunua nyumba. Tangu siku hiyo hakuna aliyeihoji, na kwa nini waihoji? Karatasi ya taipu ina heshima yake.

"Mwanangu, mimi siuzi," aliniambia. "Namwachia mjukuu wangu, pamoja na karatasi yake. Lakini juzi kuna mtu kaja nyumbani, kaifungua, kachungulia ndani, akacheka. Hakusema neno, kacheka tu. Sasa nataka nijue alichekea nini."

"Niachie wiki tatu, mama."

"Chukua hata mwezi. Ila usiikwangue."

Ilivyo

Ukiitazama mara ya kwanza ni nyumba ya Kiingereza ya kati ya vita kuu mbili. Upana wake ni inchi 30, kina inchi 14, na kutoka chini hadi ncha ya paa ni inchi 25. Ukuta wa mbele umegawanyika mara mbili na hufunguka kama kabati, kila upande ukishikiliwa na bawaba mbili. Upande wa kulia ukuta unapanda hadi kuwa pembetatu chini ya paa, na juu yake vimebandikwa vijiti vyembamba vya rangi ya kahawia iliyokolea, kuigiza zile nyumba za zama za Tudor ambazo fito zake huonekana nje katikati ya lipu nyeupe. Paa ni jekundu. Dohani ni moja. Madirisha ni 5, yote ya bati: manne ya ukubwa mmoja na moja dogo juu ya mlango.

Ndani kuna ukumbi mwembamba katikati wenye ngazi, sebule kulia, jiko kushoto, na juu vyumba viwili vinavyotazamana kuvuka kibaraza kidogo cha ngazi. Mlango wa mbele una urefu wa inchi 5 kamili. Mlango wa nyumba ya watu huko Uingereza una kama inchi 80, na 80 ukigawa kwa 5 unapata 16. Kwa hiyo skeli ni 1 kwa 16, ndogo kidogo kuliko ile ya 1 kwa 12 iliyotumiwa na msanifu majengo Edwin Lutyens katika nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary iliyokamilika mwaka 1924, ambayo ndiyo wakusanyaji wengi wanaifuata leo. Dari ya chini iko inchi 7 kutoka sakafuni, yaani futi 9 na inchi 4 kwa mtu wa kawaida. Vipimo vikuu vyote vinaangukia kwenye inchi kamili au nusu. Aliyechora nyumba hii alifikiri kwa inchi, si kwa sentimita, na hilo peke yake linatuondoa Ujerumani, ambako nyumba nyingi za aina hii zilikuwa zikitoka.

Mtindo wenyewe una historia ya kuchekesha. Kati ya mwaka 1919 na 1939 zilijengwa nyumba takriban milioni 4 Uingereza na Wales, nyingi zikiwa pembezoni mwa miji, na wanunuzi walipenda zionekane za kale. Basi wajenzi walipigilia fito nyeusi juu ya ukuta wa matofali. Fito zile hazikubeba kitu. Zilikuwa pambo tu. Lakini humo humo walitia madirisha ya chuma ya kisasa, ambayo kampuni ya Crittall ya Essex iliyasambaza mno. Kwa hiyo hii ninayoisimulia ni mwigo wa mwigo: kijiti kinachoigiza ufito uliokuwa unaigiza boriti, na bati linaloigiza chuma.

Jina lilivyonasa

Aliyeandika ile karatasi hakuwa mjinga. Ndugu watatu, William, Walter na Arthur Lines, walianzisha Lines Bros mwaka 1919. Baba yao Joseph alikuwa mmoja wa wenye G & J Lines, kampuni iliyojulikana kwa farasi wa kubembea na pia kwa nyumba za wanasesere. Jina lao la ukoo kwa Kiingereza maana yake ni mistari, na mistari mitatu hufanya pembetatu, ndipo likazaliwa jina la Tri-ang. Kiwanda chao cha Merton, kusini mwa London, kilitoa vitu vya kuchezea kwa wingi wa ajabu hadi kampuni ilipoanguka mwaka 1971. Katika miaka ya 1930 nyumba zao zilikuwa na nini? Fito za Tudor. Madirisha ya bati. Skeli iliyokaribia 1 kwa 16. Ukizisoma sifa hizo halafu ukaitazama nyumba iliyo mezani, ulimi wenyewe unasema Tri-ang.

Wangu ulisema. Jioni ya kwanza niliandika daftarini "Tri-ang, karibu hakika," nikaenda kulala.

Kukosekana kwa nembo hakukunisumbua, kwa sababu nembo ya karatasi au ya kubandika huishi maisha mafupi mahali penye watoto. Wapo watengenezaji waliojitambulisha kwa ukaidi zaidi. R. Bliss wa Pawtucket, Rhode Island, waliofunika mbao zao kwa karatasi za litografia zenye kila tofali na kila pazia, mara nyingi walichapa jina lao juu ya nyumba yenyewe. Christian Hacker wa Nuremberg alikuwa na mhuri. Moritz Gottschalk wa Marienberg, Saxony, hakuandika jina, ila aliacha namba kwa penseli chini ya nyumba, na wakusanyaji humtambua kwa mapaa: ya buluu katika miaka ya mwanzo, mekundu baadaye. Tena sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 na ushuru wa Marekani wa mwaka 1890 zilisukuma bidhaa nyingi za kigeni kuonyesha nchi zilikotoka. Nyumba iliyozaliwa na kuuzwa Uingereza haikuwa na sharti hilo.

Palipo kimya hicho, jina la mtu mwingine huingia. Mfano ninaoupenda ni Silber & Fleming. Hawa walikuwa wauzaji wa jumla na waagizaji wa London katika karne ya 19, na katalogi zao zilionyesha nyumba za wanasesere zenye uso bapa na mwili wa sanduku. Baada ya muda kila nyumba ya umbo hilo ikaitwa Silber & Fleming, iwe ilipita kwao au haikupita, na kana kwamba wao ndio walioshika msumeno. Ni sawa na kumpa mtoto jina la dereva aliyemwahisha mama yake hospitali.

Asubuhi ya pili nilichukua lenzi, rula ya chuma na taa yenye shingo ndefu, nikaanza pale ambapo jina lilikuwa na nguvu zaidi: kwenye madirisha.

Tundu la pembeni

Fremu zenyewe hazina ubishi. Zimekatwa kwa mashine kutoka bati jembamba, zote manne makubwa yakilingana hadi unywele, na zimeshikwa kwa vikucha vinavyopenya ukuta na kukunjwa kwa ndani. Nilikunjua vikucha vya moja kwa koleo lililofungwa kitambaa, nikalitoa. Ukingo wa bati ulikuwa unafunika uchafu wote.

Uwazi uliokatwa ukutani si mraba hasa. Kona tatu zimepitilizwa kidogo, kama mtu aliyefika mwisho wa mstari akashindwa kusimama. Kona ya nne, ya chini kushoto, ina nusu duara ndogo iliyo laini. Nikatoa dirisha la pili: nusu duara ile ile, kona ile ile. La tatu na la nne vivyo hivyo. Anayekata uwazi katikati ya ubao kwa msumeno wa waya mwembamba, ule wa kukatia nakshi, hawezi kuanzia hewani. Hutoboa tundu kwanza, hupitisha waya, hukaza, ndipo huanza kukata. Huyu alikuwa na mazoea ya kutoboa pale pale kila mara. Nilipopima nafasi zote nne, pana kuliko zote ilizidi nyembamba kwa sehemu moja ya nane ya inchi. Kiwandani, ambako kuta mia hukatwa kwa kufuata kiolezo kimoja, tofauti hiyo ingekuwa fujo: fremu nyingine zingeingia kwa nyundo na nyingine zingecheza.

Kumbe madirisha ni ya kiwandani na ukuta ni wa mkono. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi, kwa sababu vifaa vilikuwa vinauzwa peke yake. Mji wa Dereham, Norfolk, ulikuwa na kampuni iliyoitwa Hobbies, ambayo kuanzia mwaka 1895 ilitoa jarida la watu wanaopenda kazi za mikono. Ilitoa michoro ya kukatia mbao, ikauza misumeno, mbao na vifaa vidogo vya kumalizia. Baba mwenye jioni chache na meza ya jikoni aliweza kuanza na mchoro akamaliza na nyumba yenye madirisha ya bati kama ya dukani. Kosa la aliyeandika karatasi, na langu la jioni ile, lilikuwa kuliruhusu dirisha litoe ushahidi kwa niaba ya ukuta.

Kasha la chai

Niliigeuza nyumba kichwa chini juu ya mto. Kitako ni cha plaiwudi ya tabaka tatu, haijapakwa rangi kwa chini, na imekauka hadi rangi ya biskuti. Karibu na ukingo wa nyuma kuna matundu madogo ya misumari, yamejipanga kwa mstari ulionyooka, yameachana karibu sawasawa. Hayashiki kitu. Hakuna ukuta juu yake wala kiunzi ndani yake. Kwa taa ya kulaza, ile inayomulika kwa ubavu, zikajitokeza pia alama za wino mweusi uliofifia: nusu ya herufi, kisha tarakimu mbili zilizokatwa katikati na msumeno, zenye zile nafasi ndogo ambazo stensili huacha.

Chai ilisafirishwa duniani kwa makasha ya plaiwudi ambayo kingo zake zilikazwa kwa ukanda wa bati na misumari midogo, na ubavuni yaliandikwa kwa stensili jina la shamba na uzito. Kasha likishamwaga chai lilikuwa plaiwudi nzuri ya bure au ya bei chee, na watu waliitumia kwa kila kitu, kuanzia mabanda ya sungura hadi kuhama nyumba. Kitako hiki kilikuwa ubavu wa kasha. Kuta za pembeni nazo hazifanani: ya kushoto ina nyuzi za karibu karibu na rangi hafifu, ya kulia ni nyekundu zaidi na nyepesi mkononi. Zimetoka katika mbao mbili tofauti, na rangi ya nje ndiyo iliyozipatanisha.

Hapa mtu anaweza kusema: lakini vita vilipokuja, mbao ziliwekwa chini ya udhibiti wa serikali kuanzia Septemba 1939, na hata karakana ndogo za kuuza zililazimika kuokoteza. Kweli. Na hadithi ya baba wa wakati wa vita anayemtengenezea binti yake nyumba kwa kasha la chai ni tamu, ndiyo maana naiogopa. Makasha ya chai yalikuwapo kabla ya vita na yakaendelea kuwapo baadaye. Kasha linatuambia mtengenezaji hakununua ubao mpya kwa ajili ya kitako. Halituambii mwaka.

Ngazi iliyobadili mawazo

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni ile ambayo hakuna mtoto angeiona. Ngazi ina vidato 13, imegundishwa juu ya mbao mbili za pembeni zenye meno. Gundi ni ile ya wanyama, rangi ya asali nzito, imepasuka vipande kama kioo, na upande mmoja ulikuwa umeshaachia wenyewe, kwa hiyo niliinua ngazi bila kuvunja kitu. Nyuma ya ubao wa pembeni, kando ya meno, ulikuwapo mstari mwembamba wa zambarau. Si penseli. Penseli hung'aa ukiinamisha taa; huu haukung'aa, na ulikuwa na ule upana usiotulia wa karatasi ya kaboni iliyokandamizwa. Karibu yake, kwa penseli sasa, herufi G ndani ya duara. Ubao wa pili una H. Nikarudi kwenye dohani, nikachungulia ndani kwa kioo cha daktari wa meno: M ndani ya duara.

Kwa maneno mengine, mtu huyu hakubuni meno yale. Aliyanakili kutoka karatasi iliyokuwa na sehemu zilizopewa herufi, na huenda zilifika M au zaidi. Anayetengeneza nyumba nyingi za kuuza hanakili kwa kaboni kila mara. Hukata kiolezo kimoja cha ubao, kisha hukizungushia penseli. Kaboni ni ya mtu anayefanya kazi hii mara moja.

Kisha nikaona sakafu ya juu. Chini ya karatasi ya sakafuni, upande wa kushoto wa kibaraza, palikuwa na mstatili ulioinuka kiasi cha unene wa ukucha. Nikaupapasa. Ni kiraka cha plaiwudi, kimechongwa kwa uangalifu na kuzibwa kwa puti, na ukubwa wake ni ule ule wa uwazi ambao ngazi inapitia upande wa kulia. Alitoboa sakafu upande usio wake. Bila shaka aliuweka mchoro juu ya ubao ukiwa umegeuzwa, akakata, akaleta ngazi kuijaribu, na ngazi ikapanda moja kwa moja hadi kwenye ukuta. Nadhani alikaa kimya kidogo. Halafu akaziba, akageuza, akakata tena.

Hata hivyo mlango wa chumba cha kushoto ulikuwa umeshakatwa kulingana na mpango wa kwanza, na sasa mtu akitoka chumbani anakuta sehemu pana mno ya kusimama, ilhali anayetoka chumba cha kulia anakanyaga hewa. Kidato cha kwanza kiko inchi moja chini ya kizingiti. Mwanasesere wa chumba kile itabidi aruke kila asubuhi.

Ukiacha hilo, mchoro ulikuwa wa mtu hodari. Dohani ni sanduku tupu lenye nafasi ya betri bapa ya volti 4.5, na nyaya zake, zilizovikwa uzi wa pamba, zinashuka nyuma ya ukuta wa sebule hadi kwenye holda mbili za balbu ndogo, hivi kwamba kutoka mbele huoni waya hata mmoja. Ukumbi mwembamba wa katikati unafanya kazi mbili: unabeba ngazi na unaifanya sakafu ya juu isipinde katikati. Pembetatu ya mbele inaficha mahali ambapo pande mbili za paa zingeonyesha kiungo kibaya. Ni akili ya mtu aliyejua kwamba atakayekata si seremala. Ndani ya nyumba hii kuna watu wawili ambao pengine hawakuwahi kuonana, mmoja anafikiri vizuri sana na mwingine anajitahidi sana.

Ile pembetatu

Nisisahau ushahidi ambao mama alinipa kwa simu siku ya tano. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba kwenye ubavu wa kushoto, chini ya rangi, aliwahi kuigusa nembo ya pembetatu. Nilimulika kwa ubavu, na kweli, chini ya rangi nyeupe pana umbo la pembe tatu, kubwa kama kucha ya dole gumba. Nakiri moyo uliruka.

Sikuikwangua. Nilipima ilipo kutoka kona, nikahamisha vipimo hivyo ndani, nikakuta ziko sawasawa na tundu la waya lililozibwa nyuma ya jiko. Kuna wakati nyaya za taa zilitokea ubavuni, labda kwa ajili ya betri kubwa zaidi, kisha mtu akaliziba tundu kwa puti na kulifunika kwa kona ya karatasi ya gundi, iliyokatwa pembe tatu kwa sababu kona ya karatasi ndivyo ilivyo. Marehemu aligusa kitu cha kweli. Alichokosea ni tafsiri yake.

Umri

Katika kutafuta umri nilitupa ushahidi mwingi kuliko niliouweka. Ukuta wa nyuma ni wa hadibodi, ubao wa nyuzi zilizoshindiliwa ambao William Mason aliuvumbua mwaka 1924 huko Laurel, Mississippi. Lakini kingo za nyuma zina safu mbili za matundu ya misumari, moja ikiwa tupu, kwa hiyo hadibodi si ukuta wa kwanza na haina haki ya kutaja umri wa nyumba. Bawaba moja imeshikwa kwa skrubu za kichwa cha msalaba, zile za Phillips zilizoingia viwandani Marekani katikati ya miaka ya 1930. Chini ya bawaba hiyo kuna rangi ya kijani, wakati chini ya nyingine tatu pana ubao mtupu. Imebadilishwa. Nyumba ilikuwa ya rangi ya maziwa kwanza, kisha kijani, kisha hii nyeupe.

Gazeti lililobandikwa chini ya karatasi ya sebuleni lilinipa matumaini makubwa na matokeo madogo. Kipande kilichosalia ni tangazo la viatu lenye bei ya shilingi na peni za zamani, na Uingereza iliziacha peni hizo tarehe 15 Februari 1971. Asante sana, gazeti.

Kilichosaidia ni tochi ya urujuanimno. Kuanzia miaka ya 1950 karatasi nyingi zilianza kutiwa kemikali za kuzing'arisha, na karatasi hizo hutoa mwanga wa buluu na weupe chini ya tochi hiyo gizani. Karatasi za ukutani za vyumba vya juu ziliwaka kama mwezi. Ya sebuleni, tabaka la juu, iliwaka. Ya chini yake, yenye maua madogo ya kahawia, iliyogundishwa moja kwa moja juu ya gazeti na ubao, ilibaki giza kabisa. Karatasi isiyowaka haithibitishi uzee, kwa kuwa karatasi nyingine hazikutiwa kemikali hata baadaye. Lakini ukiijumlisha na gundi ya wanyama, nyaya za pamba na mtindo wenyewe, nyumba hii inakaa vizuri kati ya miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1950. Kuibana zaidi ya hapo ni kutaka sifa.

Na kuhusu kuikwangua, mama alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Rangi za zama hizo mara nyingi zina madini ya risasi, na kuisugua kwa msasa kungenipa vumbi la sumu na kuifuta ile historia ya rangi tatu kwa mkupuo mmoja. Niligundisha ngazi kwa gundi ya aina ile ile, nikarudisha dirisha, nikakunja vikucha. Sikugusa kingine.

Karatasi mpya

Niliandika hivi: "Nyumba ya wanasesere, Uingereza, kati ya miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1950. Imetengenezwa kwa mkono na mtu mmoja asiyejulikana, kwa kufuata mchoro uliokwisha kuchorwa na mwingine. Madirisha ya bati ni ya kiwandani. Kitako kimetokana na kasha la chai. Ukuta wa nyuma, bawaba moja, karatasi za juu na rangi nyeupe ni za baadaye." Jina la Hobbies sikuliweka. Inawezekana sana mchoro ulikuwa wao, lakini mpaka nione mchoro wenye G na H kwenye ngazi hii hii, kuwataja kungekuwa kurudia kosa la mnadani kwa jina jipya. Karatasi ya zamani niliiweka ndani ya bahasha moja na mpya, maana nayo sasa ni sehemu ya kisa: inaonyesha nyumba iliitwaje, na lini.

Mama alikuja siku ya kumi na tisa. Nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika mkoba mapajani.

"Kwa hiyo si Tri-ang."

"Si Tri-ang, mama."

"Na hiyo pembetatu?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa polepole, akasema marehemu alikuwa hivyo hivyo, akishaamua jambo hata ukuta humkubalia. Kisha akataka kuona kiraka. Nilifungua pande zote mbili za mbele, nikaiwasha tochi ya kawaida, nikamwonyesha mstatili sakafuni, halafu mlango wa chumba cha kulia na pengo lililo mbele yake. Aliinama, akavaa miwani, akachungulia muda mrefu. Akachukua mwanasesere aliyekuwa amelala jikoni, akamsimamisha mlangoni pa chumba, akamsukuma kwa kidole. Akaanguka hadi ukumbini.

"Eti!" alisema mama, na akacheka mpaka akavua miwani. "Kumbe ndicho alichochekea yule."